Alama ya Watatu Haikuwepo

Wanaume wa rika la Elinami wakistaafu hununua ng'ombe mmoja wa maziwa, hupanda parachichi uani, hugombea uzee wa kanisa. Elinami, aliyekuwa bwana mifugo, alichukua kiinua mgongo chake akanunua mashine ya kuangalia mimba za kondoo. Majirani zake wa Sekei walicheka mpaka wakachoka. Ng'ombe sawa, walisema, lakini kondoo? Kondoo anazaa akijisikia, nani atamwita mtu mzima na pikipiki lake aje kumchungulia tumboni? Mkewe Pudensiana alicheka kuwashinda wote, ila yeye alicheka huku akiishonea ile mashine mfuko wa turubai wenye mkanda mpana, isigongwegongwe njiani. Mfuko bado upo. Aliyeushona alifariki masika ya mwaka juzi.

Ndoa yao ilikuwa na vituko vyake. Yeye ni Mlutheri wa Machame, mkewe alikuwa Mkatoliki wa Rombo, na miaka yote hiyo mjini Arusha kila Jumapili waliachana getini, kila mtu akashika njia ya kanisa lake, wakaja kukutana mezani kubishana nani kahubiri kwa ufupi, padri au mchungaji. Siku za kazi walikuwa na desturi nyingine. Elinami akirudi kutoka vijijini, hata buti hajavua, sauti ilitoka jikoni: "Wangapi leo?" Naye akiwa palepale mlangoni alijibu kwa sauti ya kufika jikoni: wenye mimba kadhaa, wenye mapacha kadhaa, watupu kadhaa. Pudensiana hakuwa na shida yoyote na kondoo, hata nyama yake alikuwa haigusi. Aliuliza kwa sababu mtu akirudi nyumbani lazima aulizwe ya huko alikotoka. Na Elinami, mtu wa maneno machache kila mahali pengine, siku nzima alikuwa akiitunza hesabu ile kichwani asije akaipoteza kabla ya kufika mlangoni.

Walimzika Machame, kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo wa mumewe. Waombolezaji wakatawanyika. Mtoto wao wa pekee, Aikande, akarudi Dodoma kwenye kazi yake, na Elinami akarudi Sekei kwenye nyumba yenye vyumba vingi kupita haja. Aikande hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Humuuliza baba yake kama amekula, naye husema amekula.

Kuongea peke yake kulianza kidogokidogo. Kwanza ilikuwa chumvi imeisha, au maji yamekatika tena. Baadaye akajikuta amesimama mlangoni na buti zake, anatoa hesabu ya siku kuelekea jikoni. Si kwamba alikuwa amechanganyikiwa. Alijua vizuri kabisa kwamba jikoni hakuna mtu. Alijua pia kwamba asiposema lolote, Alhamisi itafika hajasikia sauti yake mwenyewe tangu Jumapili, na hilo lilimtisha kuliko kuonekana mwendawazimu mbele ya sufuria.

Wateja wake wengi walikuwa Oldonyo Sambu, upande wa kaskazini wa Meru, ambako mvua hufika ikiwa imeshaishia kwenye migomba ya wenzao. Huko wanaishi Waarusha, na Mwarusha wa mtindo wa zamani hahesabu mifugo yake. Anaijua. Jioni kondoo wakirudi anasimama penye mlango wa zizi, anawatazama rangi na mwendo, na kama kuna aliyepotea atakuambia ni yule mwenye sikio jeusi anayechechemea. Idadi haitaji. Kuwataja viumbe hai kwa idadi ni kuiita shari ije ipunguze. Na kama kondoo aliyesimama juani hahesabiwi, sembuse yule ambaye bado yuko tumboni.

Mtu atauliza, sasa Elinami walimtaka wa nini? Walimtaka kwa sababu ya kiangazi. Mabua na pumba vikiwa haba, havigawiwi sawa kwa sawa. Kondoo mwenye mapacha asipoongezewa chakula wiki za mwisho huishiwa nguvu, akalala chini na asiinuke tena, akafa na walio tumboni. Asiye na mimba anaweza kuvumilia. Kwa hiyo ilikuwa lazima kujua, na palepale ilikuwa mwiko kusema. Ndipo bibi mmoja wa huko, Tabitha, mama mzee mwenye boma karibu na korongo, alipompa Elinami sharti siku ya kwanza kabisa alipoletwa na mwanawe Godwin.

"Angalia utakavyo," alimwambia. "Mdomo wako ubaki umefungwa."

Wakakubaliana alama. Mstari wa rangi ya bluu mgongoni, ana mtoto mmoja. Mstari mgongoni na mwingine shingoni, ana mapacha. Asiyepakwa rangi, hana kitu. Akimaliza kazi, wanawake waliwatenga kondoo kwa kufuata rangi, wakawagawia chakula, na hapakuwa na mtu aliyetamka namba. Utaratibu ule ulisambaa mpaka maboma ya jirani. Alama ya watatu haikuwepo. Nani angeiwaza? Kondoo wekundu wa kule wakileta mapacha watu wanamshukuru Mungu. Watatu Elinami alikuwa amewaona vitabuni tu, enzi za chuo.

Kwenye maboma mengine alipokewa kwa heshima na kuagwa upesi. Wanawake wajawazito wakimwona anateremka kwenye pikipiki walivuta khanga na shuka wakazunguka nyuma ya nyumba, kana kwamba macho yake yenyewe ndiyo mashine. Alilifanya utani akiwasimulia wazee wenzake kanisani. Ukweli ni kwamba lilimuuma. Mtu akikaa mwaka mzima anakimbiwa na wanawake wenye matumbo, ataanza kujiuliza kama kweli ana kitu kibaya.

Kwa Tabitha tu ndiko alikokalishwa. Kigoda kilitolewa nje, chai ya maziwa ililetwa na Nice, mke wa Godwin, na bibi aliketi karibu yake akauliza habari za njia, vumbi, na bei ya mahindi mjini. Habari za kondoo hawakuziongea. Halafu kulikuwa na neno moja. Kila mara Elinami alipomwamkia, "Shikamoo mama," bibi alijibu, "Marahaba. Umechelewa." Alikuwa hajachelewa, na hakuna aliyekuwa amempangia muda. Lakini alilibeba neno lile mpaka Sekei, kwa sababu anayekuambia umechelewa alikuwa anakungoja. Na kondoo wakishazaa, simu ya Nice iliita: "Mama anasema uje unywe chai." Hakusema zaidi, na hapakuhitajika zaidi.

Mwaka huu kiangazi kilikaza. Siku aliyoitwa kwa Tabitha upepo ulikuwa unarusha vumbi jeupe mpaka kwenye meno. Godwin alikuwepo, ameacha kibanda chake cha nafaka soko la Kwa Mrombo aje kushika kondoo. Nice, mwenye mimba iliyokwishajitokeza, alikuwa akichota maji kwenye pipa. Tofauti na wajawazito wa maboma mengine, yeye alikuwa haendi kujificha, aligeuka ubavu tu. Bibi alisimama penye mlango wa zizi na fimbo yake.

Kondoo wa mwisho alikuwa jike kongwe, mwekundu mwenye baka jeupe usoni, kipenzi cha bibi. Godwin alimshika kichwa. Elinami alipaka jeli kwenye kinena, pale pasipo na manyoya, akabana kichwa cha mashine, akainamia kioo chini ya kofia yake kukinga jua. Palitokea weusi wa maji, kisha uti wa mgongo mdogo kama shanga, kisha moyo unapigapiga. Huyo mmoja. Akainamisha mkono kidogo. Mwingine, amelala kinyume na mwenzake. Mapacha, akawaza, na mkono wake wa kushoto ukaanza kutafuta kopo la rangi. Ila mtu wa kazi hafungi mashine kabla hajapita kila kona. Akasogeza mbele kidogo, na pale nyuma ya wa pili palikuwa na moyo mwingine, unakwenda kwa haraka yake yenyewe.

Akahakikisha. Akarudia tena kutoka mwanzo. Katika maisha yake yote ya kazi alikuwa hajaona kitu kile, furaha ikampanda mpaka kooni, na furaha ina njia yake ya kutokea. Ya Elinami ilikuwa na njia moja tu.

"Watatu, Pudensiana," akasema.

Na hakunong'ona. Alisema kwa ile sauti ya mlangoni, ya kufika jikoni.

Godwin aliachia kichwa cha kondoo. Nice aliweka ndoo chini, akashika tumbo lake kwa mikono miwili, akaingia ndani bila kugeuka. Elinami alibaki amepiga magoti, kopo la rangi mkononi na alama ya kupaka haipo. Bibi Tabitha aliinama akatafuta majani ya kumwekea kondoo wake kwa baraka. Mabichi hayakuwepo, kiangazi kilikuwa kimeyamaliza, akang'oa makavu akayalaza kwenye mgongo ule mwekundu. Upepo ukayapeperusha. Akang'oa mengine, akayashikilia pale kwa kiganja.

Elinami alifunga mashine. Kigoda hakikutolewa siku ile, na chai haikuja.

Njiani kurudi alijitukana kwa Kichaga, lugha ambayo matusi yake anayajua vizuri zaidi. Yeye, mtu aliyeaminiwa kwa sababu ya kufunga mdomo! Na kilichomchoma zaidi si namba peke yake. Ni lile jina. Siri yake ya mlangoni, ambayo hata Aikande haijui, alikuwa ameimwaga mbele ya watu zizini.

Alitaka kusaidia. Kondoo mwenye watatu atahitaji chakula cha maana, na boma lile halina. Alinunua gunia la mashudu ya alizeti, likakaa ukumbini, maana kulipeleka mwenyewe ilikuwa ni kuitamka ile namba mara ya pili. Mwisho alilibeba mpaka Kwa Mrombo, akamwachia Godwin kibandani.

"Nitapeleka, mzee," Godwin alisema. Alikuwa na adabu, lakini alirudi kwenye nafaka zake.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

Elinami alikaa akingoja simu. Mtu mwenye kazi kama yake anajua vizuri ni lini kondoo atazaa. Huo ndio utaalamu wenyewe. Muda ukafika. Vuli ikanyesha, makorongo yakajaa, barabara ya Oldonyo Sambu ikawa matope. Simu ya Nice haikuita. Muda ukapita. Hapo ndipo alipokwisha kabisa. Moyoni mwake kondoo alikuwa amekufa na watoto wote, na usiku mwingine mawazo yalimpeleka mbali zaidi, kwa Nice na mimba yake, akaamka akawasha taa akakaa kitandani. Angeweza kwenda Kwa Mrombo akamuuliza Godwin. Hakwenda. Aliogopa atakachojibiwa. Maboma mengine yalipompigia alisema mashine ni mbovu, akaitundika kwenye msumari na mfuko wake. Hata kule kutoa hesabu mlangoni kukakoma, maana hesabu haikuwepo. Nyumba ikawa kimya kabisa.

"Baba, uza hiyo pikipiki uje Dodoma," Aikande alisema Jumapili moja. "Unafanya nini hapo?"

Wakakubaliana kwamba mwisho wa mwezi Aikande atakuja kumfungashia.

Ila kuna mahali ambapo huwezi kuhama bila kuaga, hata kama watakufukuza. Jumamosi iliyofuata Elinami alivaa koti akawasha pikipiki. Mashine aliiacha kwenye msumari. Njia nzima, kuanzia Ngaramtoni mpaka anakata kushoto kwenye matope, alikuwa akipeleka mkono begani kuushika mkanda ambao haukuwepo.

Bibi Tabitha alikuwa ameketi nje anapukuchua mahindi. Alimwona tangu mbali, hakuinuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," bibi akasema. "Umechelewa."

Elinami alisimama na kofia mkononi. Bibi akamwonyesha kigoda kwa kidevu. Kilikuwa tayari kiko nje.

"Mama, nilikosa," akasema alipokwisha kuketi. "Tulikubaliana nisiseme, nikasema."

"Ulisema."

"Nikangoja simu."

"Mimi ndiye niliyemkataza Nice asipige. Ukiitwa unakuja na mashine yako, unafanya kazi, unakunywa chai, unaondoka. Nilitaka nikuone ukija huna kazi." Akatupa gunzi kando, akachukua hindi jingine. "Mwezi mzima nakutolea kigoda nakirudisha ndani. Wewe ni mgumu."

Elinami aliokota punje iliyomrukia mguuni akamrudishia.

"Yule uliyemwambia siku ile," bibi akasema. "Ni mke wako?"

"Ndiye."

"Godwin anasema ulishamzika."

"Nilimzika, mama."

"Na bado unamwambia."

"Namwambia. Nikirudi nyumbani. Alikuwa anauliza."

Bibi alipukuchua mpaka gunzi likabaki tupu. "Mimi ni Mkristo," akasema. "Nilibatizwa wewe hujazaliwa. Mchungaji anasema mambo yetu haya ya kutohesabu ni ya giza, na pengine anasema kweli. Lakini nimezaa, baba. Nimezaa na nimezika. Mtu akiniuliza wangapi, siwezi kumjibu. Akiniuliza majina nitamtajia wote, na waliolala huko nyuma ya nyumba nao nitawataja."

Aliinuka kwa fimbo yake akaingia ndani, kwenye kile kijumba cha pembeni ambamo watoto wa kondoo hufungiwa mama zao wakiwa malishoni. Akatoka amekumbatia mmoja, mwekundu, na baka jeupe usoni. Akamweka Elinami mapajani. Alikuwa na joto, na moyo wake ulipiga kwenye kiganja cha Elinami kwa haraka ileile aliyoiona kwenye kioo.

Kule ndani wengine wakaanza kulia. Masikio ya Elinami yamezoea kazi. Yalianza yenyewe kutenganisha sauti, ile nyembamba ya upande wa kulia, hii nzito ya kushoto, na pengine ile. Akayakataza. Akainama akamsemesha yule wa mapajani maneno yoyote tu, ya Kichaga, aliyokuwa akimsemesha Aikande mdogo, ili masikio yapate kitu kingine cha kusikia. Bibi alikuwa anamtazama. Alipoona amejizuia kuhesabu, akaketi tena kwenye mahindi yake.

Nice akatoka na birika. Mgongoni alikuwa amebeba mtoto, shuka imefungwa vizuri, kichwa kidogo chenye nywele laini kimechungulia. Hakugeuka ubavu. Alipita mbele ya Elinami, akainama kumimina chai, na kichwa kile kikawa karibu kabisa na kofia yake.

"Karibu chai, baba," Nice akasema.

"Ahsante, mama. Anaitwa nani?"

"Elieshi."

Alikunywa chai mpaka jua likaanza kuegemea. Walipoagana bibi alimshika mkono akauzuia.

"Ukifika, utamwambia nini?"

Elinami alifikiri. "Nitamwambia wapo."

"Mwambie hivyohivyo. Na Jumamosi usichelewe. Mashine ina siku yake, itakuja siku yake."

Alifika Sekei jua likiwa bado kwenye mapaa. Mashine ilikuwa kwenye msumari, na kando ya mlango maboksi aliyokuwa ameanza kukusanya kwa ajili ya Dodoma. Aikande akija atamkuta hajafungasha. Itabidi amweleze, na hajui ataanzia wapi. Alisimama mlangoni na buti zake zenye matope.

"Wapo," akasema kuelekea jikoni.

Pudensiana asingekubali jibu kama lile. Angetoka na mwiko mkononi aulize wapo ndiyo nini, wapo wangapi, naye angemwambia hasemi, na wangebishana mpaka chakula kipoe. Elinami alingoja pale mlangoni, jibu lake la kukataa liko tayari mdomoni. Kutoka jikoni hakuna aliyeuliza wangapi.